Safari ya Bukoba na Harufu Iliyorudi Nasi

Mtu aishiye Mwanza akaoa Bukoba hana tena udhuru wa kutokwenda kuwaamkia wakwe zake. Zamani udhuru ulikuwa mwingi. Aliyetaka kwenda kwa meli alilala majini usiku kucha, na tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, wako wazee katika mtaa wetu ambao hawajakanyaga tena sitaha ya meli. Aliyekwenda kwa barabara alikutana na foleni ya kivuko cha Kigongo, na foleni hiyo haikujali kama mtu anakwenda harusini au matangani. Sasa mambo yamebadilika. Mwaka 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, kutoka Kigongo hadi Busisi, na ghuba ile iliyokuwa ikitulia nusu siku nzima huvukwa kwa dakika chache tu. Ndipo mke wangu aliponikumbusha, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba mama yake hajamtia machoni mjukuu wake wa pili, na kwamba mwezi ulioingia ni Novemba.

Novemba kwa mtu wa Bukoba ina maana moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote. Ni mwezi wa senene.

Sisi hatuna motokaa. Mimi ni mfanyakazi wa zamu bandarini, na mshahara wangu unajua njia ya dukani na ya shuleni, haujui njia ya kwa wauza magari. Lakini nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye gari dogo la Kijapani ambalo alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Gari hilo halikununuliwa kwa anasa. Mkewe, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, anaugua saratani, na wakati huo kila Jumatano alikuwa akipelekwa hospitali kutiwa dawa. Nilipokwenda kuomba gari nilikuwa nimekwisha jitayarisha kukataliwa. Mzee aliniangalia, akaangalia funguo ukutani, akasema, "Chukueni, mwanangu. Mkwe haamkiwi kwa simu. Mimi nalihitaji Jumatano tu."

Neno hilo "Jumatano tu" ndilo lililonikosesha usingizi baadaye.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Mawe ya Mwanza yalikuwa bado meusi, na ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye sinia. Baada ya daraja, barabara inapita Sengerema na kufika Geita, mji wa dhahabu, ambako hata saa hiyo ya asubuhi watu walikuwa wamekwisha amka kutafuta riziki. Tulikunywa chai Katoro. Msomaji ambaye hajafika Katoro siku ya gulio na aende akaone jinsi biashara inavyoweza kusimamisha mji katikati ya barabara. Kutoka hapo tulishika njia ya Chato, ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kulia, hadi tukaingia Mkoa wa Kagera na kuanza kupanda kuelekea Muleba.

Hapo ndipo nchi inapobadilika. Majani makavu ya Usukuma yanaishia nyuma yako, na mbele unaona kijani cha migomba ambayo chini yake imekaa mibuni, na katikati ya migomba nyumba. Kati ya kijiji na kijiji kuna rweya, yaani mbuga za majani matupu zisizo na miti, zinazoinama na upepo. Mji wa Bukoba, ulioanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 kuwa kituo cha Wajerumani, hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mtu wa pwani kama mimi huona ajabu nchi ambayo nguo zilizofuliwa asubuhi bado zina maji jioni. Naomba msomaji aukumbuke unyevu huo, kwa maana una sehemu yake katika habari hii.

Senene ni jamii ya panzi mwenye vipapasio virefu. Wengi ni wa kijani, wengine wa rangi ya majani makavu, na mara mojamoja huonekana mwenye rangi ya zambarau, ambaye watoto humgombania. Huja na mvua, usiku, kwa makundi makubwa, nao hupenda mwanga. Zamani waliokotwa kwa mikono alfajiri, umande ukiwa bado umewalemea mabawa. Siku hizi watu husimamisha mabati yaliyoinama, huwasha taa kali juu yake, na chini huweka mapipa. Senene huufuata mwanga, hugonga bati, huteleza na kuangukia pipani. Usiku ule wa Ijumaa tuliona taa hizo kwenye vilima kama vile miji midogo imeota ghafla penye rweya.

Katika mila za Wahaya wa zamani, kazi ya kuwaokota na kuwatayarisha senene ilikuwa ya wanawake, lakini kuwala wanawake hawakuruhusiwa. Walikuwa ni wa waume. Jambo hilo limekwisha, na katika nyumba ya mama mkwe nililishuhudia limekwisha kabisa, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akionja sufuria kila mara kwa kisingizio cha chumvi. Lakini maana ya zawadi imebaki. Mke anayempelekea mumewe senene hampelekei kitoweo, anampelekea heshima. Nami nilielezwa hayo waziwazi Jumapili asubuhi, tulipokuwa tunafunga mizigo.

Tulipewa aina mbili. Kwanza, bati kubwa la senene waliokwisha nyonyolewa mabawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, wakakaushwa vizuri. Hao waweza kukaa wiki nyingi bila kuharibika. Pili, mfuko wa sandarusi wenye senene wabichi, wengi wao wakiwa hai bado, ambao ulikuwa ni mzigo wa shemeji yangu aliyeko Mwanza. Yeye hapendi senene waliokaangwa na mtu mwingine. Mama mkwe aliufunga mdomo wa mfuko kwa kamba ya mgomba, akanitazama mimi, wala si binti yake, akasema: "Hawa wakifika tu watolewe. Wasilale garini."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikaufungua mlango wa buti, nikauweka mfuko juu ya vyuma vya jeki, nikarundika ndizi juu yake.

Safari ya kurudi ilikuwa njema hadi jioni. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tatu tu zilizopita, kwa hiyo giza liliingia zito. Tulipokaribia ghuba tuliona kitu kama moshi kimesimama juu ya maji, nguzo ndefu nyeusi zinazoyumba. Watu wa ziwa wanaujua moshi huo. Ni vidudu vidogo, kama mbu lakini visivyouma, ambavyo hukulia ndani ya ziwa na matopeni mwake, kisha hutoka majini kwa pamoja, mabilioni kwa mabilioni, hasa siku za mwezi mchanga. Huishi siku chache, hutaga na kufa. Samaki huvila, ndege huvila, na sehemu nyingine za maziwa yetu watu pia huvikusanya na kuvifinya kuwa mikate. Sisi vilitukuta darajani, penye taa. Kioo cha mbele kiligeuka kuwa uji. Niliwasha waipa, uji ukawa gundi. Tulipita polepole madirisha yamefungwa, mtoto akicheka, na feni ya gari ikivuta hewa kutoka nje kwa nguvu zake zote.

Tulifika saa 3 usiku. Nilishusha mizigo gizani. Mfuko wa shemeji niliuona umechanika pembeni, lakini ulikuwa bado mzito, nikampelekea. Nilipanga kuliosha gari Jumatatu baada ya kazi na kulirudisha jioni hiyohiyo. Jumatatu nilikwenda zamu ya mchana. Usiku ulikuwa umenyesha, kutwa jua likawaka, nalo gari likakaa juani, madirisha juu, kama chungu kilichofunikwa.

Saa 11 jioni nilifungua mlango, nikarudi nyuma hatua mbili.

Siwezi kuielezea harufu ile kwa adabu katika gazeti la familia. Ilikuwa na kitu cha samaki wa juzi, kitu cha siagi iliyochacha, na kitu kingine kikali kinachopanda moja kwa moja machoni. Nikamwita mke wangu. Kwa hasira nikasema neno ambalo hadi leo ninalijutia: "Tazama uvundo wa senene wenu."

Hakujibu papo hapo. Alizunguka gari lote, akafungua milango yote minne na buti, ndipo akasema, "Senene hanuki. Kilichooza ndicho kinachonuka. Hata ng'ombe wenu wa pwani akifa garini siku mbili hatanukia." Kisha akaingia ndani, akaniacha na gari la watu.

Alikuwa na haki, na si kwa upande wa heshima tu. Wako wadudu ambao harufu ni silaha yao, nao hutoa wakiwa hai. Ukimponda sungusungu utasikia ukali wa tindikali unaochoma pua. Kunguni akipondwa hutoa harufu yake mbaya ambayo abiria wa mabasi ya zamani hawahitaji kuelezwa. Mende hunuka kwa mafuta ya miili yao na kwa kinyesi chao pale wanapojazana, na garini huletwa na maboksi ya mzigo na makombo ya mikate. Hao dawa yao ni kuwanyima chakula. Lakini senene hana silaha ya namna hiyo. Alicho nacho ni unono. Senene akikaushwa, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni mafuta, na sehemu nyingine kubwa ni protini. Ndiyo maana ni chakula bora. Na ndiyo maana akifa mahali penye joto na unyevu pasipo hewa, protini ile huoza kama nyama na mafuta yale huchacha, kisha mafuta huingia katika zulia na kukaa humo. Utajiri uleule wa sufuriani huwa ndio adhabu ya garini.

Habari zilienea mtaani kwa kasi ya harufu yenyewe. Kijana mmoja alinishauri ninunue marashi ya magari. Nikanunua mawili, la kutundika na la kupuliza. Baada ya nusu saa gari lilinuka samaki aliyevikwa waridi, jambo ambalo ni baya kuliko samaki peke yake. Jirani mwingine, mtu wa nia njema, alikuja na kopo la dawa ya kuulia wadudu, akitaka tupulize ndani na kufunga milango hadi asubuhi. Wa tatu alitaja dawa ya nondo. Wa nne alitaja kuosha viti kwa mafuta ya taa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bibi. Mtu anayetiwa dawa kali za saratani aghalabu husumbuliwa na kichefuchefu, na harufu ambayo mimi na wewe tungeivumilia kwa kukunja pua, yeye humtapisha. Marashi humtapisha vilevile. Na ile sumu ya wadudu ingebaki katika viti vya kitambaa ambako angelaza kichwa chake. Nilikuwa nimebakiwa na Jumanne moja. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikalala bila kula.

Fundi ninayemwendea ana gereji chini ya mwembe, haina hata bango. Alilisogelea gari, akanusa kwa utulivu kama mganga anayemwangalia mgonjwa, akakataa mara moja kopo la dawa. "Hawa wamekwisha kufa, baba. Unataka kuwaua mara ya pili? Harufu ina kiti chake. Tukitafute."

Tulitoa kila kinachotoka. Mikeka ya miguuni, zulia la buti, tairi la akiba, vyuma vya jeki, hata plastiki za pembeni zinazoshikwa na vibanio. Pale shimoni mwa tairi la akiba palikuwa na maji ya mvua kidogo na senene kumi na tisa. Nyuma ya plastiki ya upande wa kushoto palikuwa na wengine kumi na wawili waliotambaa kutoka katika mfuko uliochanika, wakatafuta maficho, wakafia humo. Mfuko ulichanwa na mpini wa jeki. Mpini huo niliuweka mimi, na ndizi za kuukandamiza nilirundika mimi.

Fundi alinizuia nisimwage maji kwanza. Taka yoyote ya wadudu huondolewa ingali kavu, kwa brashi, kitambaa na, kwa mwenye nayo, mashine ya kufyonza vumbi. Ukitia maji kabla, unaisukuma ndani ya zulia. Baada ya hapo ndipo maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, maana ile ni kazi ya mafuta, na sabuni ya vyombo ndiyo inayojua kushindana na mafuta. Tulisugua kidogokidogo, tukafuta kwa kitambaa safi, tukarudia. Kisha tulichanganya siki sehemu moja na maji sehemu mbili, tukapangusa kila mahali pagumu na kuigusisha kwenye zulia. Siki hutuliza ile harufu kali ya uozo, na harufu yake yenyewe huondoka ikikauka. Lakini asiichanganye mtu yeyote na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa maana viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya sumu.

Zulia tulilianika juu ya ukuta. Gari lilikaa milango wazi, juani, kutoka saa 4 hadi saa 8. Mke wangu alikuja na chakula cha mchana, na mkononi alikuwa na kitu kingine: bakuli la unga wa kahawa, kahawa ya kwao, na kikapu cha mkaa. Hakusema lolote kuhusu maneno ya jana. Aliweka mkaa ndani ya makopo mawili yaliyo wazi, chini ya viti, na bakuli la kahawa kati yake. Mkaa mkavu huvuta harufu na kuishika. Nasema mkaa usiowashwa, kwa sababu nimekwisha ona watu wakichanganya mambo, na mkaa unaowaka ndani ya gari lililofungwa huua mtu bila kelele.

Saa 9 nilinusa, nikafurahi. Gari lilikuwa limerudi kuwa gari. Nikakaa kwenye usukani, nikawasha feni.

Samaki wa juzi akarudi palepale.

Nakiri nilitaka kulia. Fundi hakustuka hata kidogo. Aliuliza swali moja: tulipita wapi usiku, na wakati gani? Nilipomweleza juu ya moshi wa darajani alifungua boneti, akabandua plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele, pale ambapo waipa zimefungwa. Hewa yote inayoingia ndani ya gari huanzia hapo. Palikuwa na majani makavu yaliyoziba matundu ya kutolea maji, na juu ya majani, vidudu vya ziwa vilivyolowa na kushikamana kuwa tope jeusi, zito kama dona. Alitoa viganja vitatu. Halafu aliingia ndani, akafungua kisanduku cha mbele ya abiria, akachomoa nyuma yake chujio la hewa, kitu cha karatasi iliyokunjwakunjwa ambacho mimi katika umri wangu wote sikujua kwamba kimo ndani ya gari. Kilikuwa kimefunikwa na utando wa kijivu. "Kwa nini hukuanza hapa?" nikauliza. "Kwa sababu wewe uliniambia ni senene," akajibu.

Chujio jipya tulilipata mjini kwa bei isiyozidi ya yale marashi mawili. Tulisafisha matundu ya maji, tukasafisha rejeta iliyovaa vidudu kama shuka, tukawasha feni kwa nguvu zote madirisha yakiwa wazi kwa robo saa. Safari hii kilichotoka kilikuwa hewa tu.

Tangu asubuhi nilikuwa nimejadiliana na nafsi yangu kama Mzee ana haja ya kujua. Gari limepona, kwa nini nimtie shaka? Mke wangu alisikia mjadala huo bila mimi kuutoa mdomoni. "Akisikia harufu kesho njiani, na Bibi ndani, atajua nini?" akauliza. Basi jioni ya Jumanne tulikwenda wote wawili, tukabisha hodi, nikaeleza yote tangu mfuko hadi darajani, na neno la mama mkwe nilivyolipuuza.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Sitasema kwamba alicheka, maana hakucheka. Aliuliza kama tumepuliza sumu yoyote. Nikasema hapana. Aliuliza tena. Kisha akatoka na tochi, akaketi ndani ya gari, akafunga mlango, akakaa humo peke yake dakika kumi nzima huku sisi tumesimama nje kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Alipotoka alisema, "Siamini pua yangu. Ni ya mzee. Mwiteni mwenyewe."

Bibi alitoka akiwa amejifunga kanga mbili, ameshika mkono wa mke wangu. Alikuwa amekonda zaidi ya nilivyokuwa nimezoea kumwona kwa mbali. Aliketi kiti cha mbele, akafumba macho. Mimi nilikuwa natazama koo lake.

"Nasikia kahawa," akasema. "Na siki, mbali kidogo. Fungueni dirisha usiku huu." Kisha, akiwa bado amefumba macho: "Hizo senene nyingine ziko wapi? Zilizokaangwa?"

Mzee alishangaa kuliko sisi. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimbembeleza kula. Mke wangu alikwenda mbio nyumbani kuleta bati, na pale barazani, chini ya taa ya Mzee iliyozungukwa na vidudu vya ziwa, Bibi alikula senene wanne, mmoja baada ya mwingine, akitafuna taratibu. Wa tano alimrudisha. Alisema chumvi ndiyo pekee ambayo ulimi wake bado unaitambua.

Jumatano alfajiri tuliondoa makopo ya mkaa, tukaacha bakuli la kahawa. Nilisimama mlangoni kulitazama gari likiteremka hadi lilipopotea nyuma ya mawe. Walirudi saa 9 alasiri. Kwenda, Mzee alisema, hakukuwa na shida. Kurudi alitapika mara moja, karibu na sokoni, lakini hiyo ilikuwa ni dawa, wala si gari.

Jioni hiyo mama mkwe alipiga simu. Alitaka kujua kama mzigo wa binti yake mwingine ulifika salama, na kama uliondolewa garini usiku uleule. Mke wangu alinitazama, akaniletea simu nijibu mwenyewe.